Tingatinga sio sanaa ya mababu jamani

Kila nikipita Oysterbay pale Morogoro Stores nasikia mtu anamwambia mgeni eti tingatinga ni michoro ya kale ya kabila fulani, na wabongo wenzangu wanaitikia kabisa. Hapana bwana. Hii ni sanaa ya kisasa, imezaliwa hapahapa Dar mwaka 1968 hivi, na aliyeianzisha ana jina lake, Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja mjini kutafuta maisha. Alichora kwenye hadibodi kwa rangi ileile ya kupaka baiskeli maana ndo ilipatikana kwa bei ya mfukoni mwake, na ule mng'ao unaouona unatokana na hiyo rangi, sio siri ya wazee wa zamani. Akafariki 1972, polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, yani miaka minne tu ya kazi (inaniuma hadi leo). Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza.

Na wanaosema sanaa ya kisasa ni ya wazungu, mchoro wa Sam Ntiro, Mchaga wetu, alioufanya 1956 uko MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa kule New York. Ukiiita tingatinga "mila" unamfuta mtu aliyeibuni.