Tenga la Kilo 9,000: Vigeu vya Kundi Pale COBOL Inapokutana na SQL

Kijana mmoja anayefanya mazoezi katika kitengo chetu cha mifumo hapa Mwanza alituletea ripoti iliyoonyesha kwamba tenga moja la sangara, mwaloni Kirumba, lilipimwa likafika kilo 9,000. Tulicheka kwanza. Data yenyewe ilikuwa ya zoezi, hakuna mchuuzi aliyedhulumiwa. Kilichotuweka mezani asubuhi nzima ni kwamba jumla ya fedha ilikuwa sahihi mpaka shilingi ya mwisho, na programu haikuwa imelalamika hata mara moja.

Tuanze na msingi. COBOL, lugha ya kuandikia programu, ilibuniwa mwaka 1959; SQL, lugha ya kuiulizia kanzidata, ikatoka kwa watafiti wa IBM mwaka 1974. Kwa hiyo moja ni shangazi na nyingine ni mtoto wa juzi, na ili waelewane sentensi za SQL hufungwa kati ya EXEC SQL na END-EXEC ndani ya programu ya COBOL. Thamani huvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili kupitia vigeu vya programu, yaani sehemu zenye majina zinazoshika thamani, ambavyo ndani ya SQL hutanguliwa na nukta mbili. Jedwali likiwa na safu nne, unataja vigeu vinne. Likiwa na arobaini, vidole vinachoka na macho yanaruka mstari. Hapo ndipo watu hutumia kundi: unataja jina moja, na vigeu vyote vilivyo chini yake vinajazwa kwa mkupuo.

Kundi la kijana wetu lilikuwa hivi:

    01  MZIGO.
        05  MZ-NAMBA   PIC S9(9) COMP.
        05  MZ-MWALO   PIC X(20).
        05  MZ-UZITO   PIC S9(7)V99 COMP-3.
        05  MZ-BEI     PIC S9(7)V99 COMP-3.

Na swali lake kwa kanzidata:

    EXEC SQL
        SELECT * INTO :MZIGO
        FROM MIZIGO
        WHERE NAMBA = :WS-NAMBA
    END-EXEC.

Programu ilifanya kazi vizuri kwa siku kadhaa. Kisha mwenzake akalifuta jedwali na kuliunda upya, na safari hii akaiweka safu ya BEI kabla ya UZITO. Kwa mtazamo wake hakuharibu kitu, maana majina ni yaleyale na aina ni zilezile. Lakini kundi halilinganishwi na jedwali kwa majina. Safu ya kwanza inaingia kwenye kigeu cha kwanza, ya pili kwenye cha pili, mpaka mwisho. Kigeu ungeweza kukiita MZ-DAGAA na kanzidata isingejali.

Mzigo wenyewe ulikuwa kilo 85.50 kwa shilingi 9,000 kila kilo. Baada ya mabadiliko, ukasomeka kilo 9,000 kwa shilingi 85.50. Zidisha upande wowote utakaoanza nao: 769,500. Ndiyo maana hesabu ya malipo ilitulia tuli. Kama safu moja ingekuwa ya namba na nyingine ya maandishi, kosa lingejitokeza mapema. Hizi zote mbili ni desimali za tarakimu tisa, mbili zikiwa baada ya nukta, na zikapokezana viti bila kelele. Laiti tusingetoa ripoti ya uzito wa jumla, tusingejua.

Dawa ni kuitupa ile nyota (*) ya SELECT, inayomaanisha "safu zote". Andika SELECT NAMBA, MWALO, UZITO, BEI, halafu INTO :MZIGO. Mpangilio unakuwa mkononi mwako, na anayelipanga upya jedwali hakugusi. Wapo wanaosema nyota inaokoa muda. Mimi sijawahi kuona muda huo ukirudi.

Nyota ina tatizo jingine pia. Kwenye Db2, kanzidata ya IBM, safu zikizidi vigeu vyako, hupati kosa. Unapata herufi W tu kwenye SQLWARN3, sehemu ya maonyo ambayo waandishi wengi wa programu hawaiangalii kabisa.

Suala la pili ni thamani tupu. Mzigo umeshuka kutoka kwenye mtumbwi lakini haujapimwa, kwa hiyo UZITO ni NULL. NULL siyo sifuri, na COBOL haina mahali pa kuiweka. Usipoandaa viashiria, yaani vigeu vya pembeni vinavyosema kama thamani ipo, Db2 itakurudishia namba ya kosa, SQLCODE -305. Kwa kundi, viashiria navyo hupangwa kwa orodha: tangaza kigeu cha PIC S9(4) COMP kinachojirudia kwa OCCURS 4 TIMES, kisha uandike INTO :MZIGO:VIASHIRIA. Kiashiria cha tatu kikiwa hasi, uzito haupo. Usiuguse uzito huo kabla ya kukitazama kiashiria chake, kwani kilichomo kwenye kigeu kinaweza kuwa masalia ya mzigo uliotangulia.

Na kwa kuwa masalia yanaudhi, watu hupenda kulisafisha kundi kabla ya kusoma, na hapo ndipo wanapoteleza. MOVE SPACES TO MZIGO inaonekana safi, lakini COBOL inalichukulia kundi zima kama mfululizo wa herufi, hivyo inazipaka nafasi hata sehemu za COMP-3 zinazotakiwa kuwa na tarakimu zilizofungashwa. Ukija kujumlisha kwenye mashine kubwa za IBM, kazi inakatika kwa S0C7, kosa la data isiyo namba halali. Tumia INITIALIZE MZIGO: namba zinakuwa sifuri, maandishi yanakuwa nafasi.

Jina la mvuvi, likiwa la urefu unaobadilika, huhitaji kikundi kidogo chenye ngazi ya 49 (namba inayotangulia jina la kigeu, kama 01 na 05 hapo juu): kigeu cha urefu kwanza, maandishi baadaye. Ukisahau kuweka urefu kabla ya kuingiza data, jina litakatwa au litabeba takataka mkiani. Ukiacha kikundi hicho, Db2 haikubali kundi lenye ngazi zaidi ya mbili.

Mwisho, kama unatumia prikompaila, programu inayoshughulikia sentensi za SQL kabla ya kompaila kuitafsiri COBOL, usiliweke kundi kwenye faili la COPY (faili la nje linaloingizwa ndani ya programu), kwa sababu prikompaila hupita kabla COPY haijafunguliwa na itasema haikijui kigeu chako. Tumia EXEC SQL INCLUDE.

Kijana wetu sasa hujaribu kila kundi kwa mzigo wa majaribio ambao kila safu ina namba yake isiyofanana na nyingine, uzito 33.33, bei 44.44, kisha anachapisha kigeu kimoja kimoja. Jumla ameacha kuiamini.