Kwa nini watu walilipia meli isiyokwenda kokote?

Katikati ya Desemba 2020, Bandari ya Mwanza Kaskazini. MV Victoria ilikuwa imerudi kazini Agosti ya mwaka uleule baada ya kusimama kwa miaka, na foleni ya kwenda Bukoba ilikuwa imefika getini. Nyuma yangu mzee mmoja alikalia godoro lililokunjwa na kufungwa kamba ya katani. Mimi nilikuwa nasoma habari kwenye simu. Akanyoosha shingo, akaona picha: meli nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, na juu kabisa mkono wa chuma umebeba kitu kama tungi la kioo.

"Hiyo inakwenda wapi, mwanangu?"

"Haiendi popote, mzee. Inatoka Singapore, inazunguka baharini siku nne, inarudi Singapore."

"Ina mzigo?"

"Haina. Watu tu."

"Na wamelipa nauli?"

"Wamelipa."

Akalitazama godoro lake, akanitazama mimi. "Basi hao wana lao jambo."

Wanalo kweli, na kulieleza kulinichukua karibu safari nzima.

Meli ya kwenye picha ilikuwa Quantum of the Seas. Urefu wake ni mita 348. MV Mwanza, ile iliyoshushwa majini pale Mwanza Kusini Februari 2023, ina mita 92.6. Zipange tatu mstari mmoja na Quantum bado inazipita; ya nne ndiyo ingechomoza kidogo. MV Mwanza imejengwa kubeba abiria 1,200. Quantum ikijaa hubeba zaidi ya 4,000, bila kuhesabu wafanyakazi.

Ila tofauti kubwa haiko kwenye futi kamba. Sisi wa kandokando ya ziwa, meli kwetu ni njia. Unapanda Mwanza kwa sababu una msiba Kemondo, mzigo Bukoba au mchumba Nansio. Ikichelewa unanung'unika, ikifika unaisahau. MV Victoria yenyewe ililetwa kwa kazi hiyo: ilitengenezwa Scotland, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuingia ziwani 1961, ivushe watu na mizigo. Wenye meli za utalii wameligeuza jambo hilo juu chini. Kwao meli ndiyo mahali penyewe pa kwenda, na bandari ni nyongeza.

Ule mkono wa chuma, kwa mfano, huwanyanyua watu waliomo kwenye tungi la kioo hadi mita 90 hivi juu ya bahari, wakatazama, wakateremshwa. Kuna bomba refu la kioo linalovuma upepo mkali kutoka chini. Unaingia, unaelea kama karatasi. Kuna mabwawa, ukumbi wa maonyesho, na migahawa mingi kiasi kwamba siku nne hazitoshi kuimaliza. Kuna kamari, ambayo hufunguliwa meli ikishatoka bandarini, na maduka yasiyo na ushuru vilevile. Huko ndiko kwenye hela. Kwa kampuni kubwa za biashara hii, zaidi ya robo ya mapato hutokana na kile abiria anachotumia akiwa ndani, mbali na tiketi. Kwa hiyo meli isiyotia nanga popote haimtishi mwenye nayo kama unavyodhani. Abiria hana soko jingine la kupeleka pesa zake.

Na mtindo huo haukuletwa na korona. Marekani ilipopiga marufuku pombe, kati ya 1920 na 1933, kuna meli zilizokuwa zikitoka nje ya mpaka wa bahari ya nchi, zinafungua baa, zinazunguka na kurudi na watu wamelewa chakari. Singapore nayo ilikuwa na safari za kutoka baharini, kucheza kamari na kurudi, miaka mingi kabla ya 2020. Korona iliukuta mtindo upo, ikaupa kazi mpya.

Kazi yenyewe utaielewa ukiifikiria Ukerewe. Singapore yote, nchi nzima, ni kubwa kuliko kisiwa cha Ukerewe kwa kiasi tu. Sasa fikiria uko Ukerewe tangu Machi, na kivuko cha Rugezi hadi Kisorya kimesimamishwa. Huendi Bunda, huendi Mwanza, huna shamba la kukimbilia, unaishi ghorofa ya kumi na mbili. Mwezi wa tisa huo. Akitokea mtu na meli, akasema nitakutoa nje uone maji pande zote, halafu nitakurudisha, utamuuliza inakwenda wapi? Tarehe 6 Novemba 2020 serikali ya Singapore iliiruhusu meli iitwayo World Dream ianze safari hizo, na Quantum ikafuata Desemba. Masharti yalikuwa makali: wakazi wa nchi hiyo tu, abiria wasizidi nusu ya uwezo wa meli, na hakuna kutia nanga nchi nyingine, ambazo hata hivyo zilikuwa zimefunga milango.

Upande wa mwenye meli, yeye alikuwa na jambo jingine. Basi la Dar likilala gereji, dereva anazima, anaondoka na ufunguo. Meli ya utalii haizimwi hivyo. Hata ikiwa tupu nangani, inataka mabaharia wa kutosha kuiondoa kwenye hatari, jenereta zinazonguruma, pampu, viyoyozi. Ukikata hewa kwenye meli yenye vyumba kama elfu mbili, unyevu unaingia kwenye magodoro na mazulia, na ukungu unaota. Kuizima kabisa kunawezekana, lakini kuiamsha tena ni muda na gharama. Mwaka 2020 meli za namna hii zilijazana ghuba ya Manila, Bahamas, na pwani ya kusini ya Uingereza, ambako watu walilipia boti ndogo kwenda kuzitazama zikiwa tupu. (Kulipia boti ili uione meli usiyoruhusiwa kuipanda. Hilo sikumwambia mzee, angeshuka foleni.) Nyingine, zikiwemo Carnival Fantasy na Monarch, ziliishia Aliağa, Uturuki, zikakatwakatwa vyuma chakavu. Kwa mwenye meli, nusu ya abiria ilikuwa afadhali kuliko nanga.

Lakini nani alithubutu kupanda, baada ya Diamond Princess?

Hiyo ndiyo iliyowatia watu hofu ya meli. Iliingia Yokohama, Japani, mwanzoni mwa Februari 2020, ikiwa na watu 3,711. Abiria aliyekuwa ameshuka Hong Kong siku kadhaa nyuma alikutwa na virusi. Abiria wakafungiwa vyumbani wiki mbili, wengine kwenye vyumba vya ndani visivyo na dirisha, wakitolewa kwa zamu kupunga hewa. Wafanyakazi hawakufungiwa, walipika, walipeleka chakula mlango kwa mlango, wakarudi kulala wawili wawili kwenye vyumba vyao vya chini. Watu 712 waliambukizwa. Tuliliazima neno karantini kutoka kwa Wazungu, nao walilipata bandarini: Venisi zamani ilizizuia meli siku arobaini kwa hofu ya tauni, na arobaini kwa Kiitaliano ni quaranta. Tofauti ni kwamba karantini ya zamani ilikusudiwa kuwalinda watu wa nchi kavu. Waliomo ndani walikuwa shauri yao, na Yokohama ilionyesha kwamba meli bado ni mahali pabaya pa kuwafungia wagonjwa na wazima pamoja.

Ndiyo maana kupanda meli ya Singapore miezi kumi baadaye kulikuwa kazi. Hufiki bandarini na begi muda uutakao. Umepewa saa yako. Unachokolewa pua kabla ya kupanda, majibu yakiwa mabaya unarudi nyumbani. Barakoa usoni. Kifaa cha kufuatilia unakivaa au kukibeba, ili ukiugua ijulikane ulikaa karibu na nani na kwa dakika ngapi. Kwenye meza ndefu ya chakula, pale ambapo zamani kila mtu alijipakulia mlima wake, sasa unasimama mbali, unaonyesha kwa kidole, na mhudumu anakupakulia. Ukishuka, unapimwa tena. Sisi wakati ule tulikuwa na ndoo ya maji tiririka na sabuni ya kipande, na nyumbani nyungu ya mwarobaini, sisemi zaidi.

Hata zoezi la dharura lilibadilishwa, na hili ndilo lililonigusa kuliko mabwawa yote. Sheria za bahari zinataka abiria waonyeshwe namna ya kujiokoa. Baada ya Costa Concordia kupinduka Italia, Januari 2012, na watu 32 kufa, huku baadhi ya abiria wake wakiwa bado hawajafanya zoezi lolote, likawa lazima lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Zamani lilimaanisha kuwasongamanisha watu mamia kwenye sitaha moja wasikilize honi: fupi saba, ndefu moja. Msongamano huo ndio korona inaoutaka. Kampuni yenye Quantum ikabuni njia: maelezo unayatazama kwenye simu au runinga ya chumbani, kisha unakwenda peke yako hadi kituo chako cha kukusanyikia, mhudumu anathibitisha umefika, basi. Wengi walisema ni nafuu kuliko lile la zamani. Mimi ni mtu wa Mwanza, niliyekuwa na umri wa kukumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na kufika. Sijali wanaonyesha kwa simu au kwa filimbi. Mradi mtu ajue boya lake liko wapi.

Waliozunguka ndani ya meli hizo husimulia jambo moja: nafasi. Vitanda vya kuotea jua vitupu, lifti yako peke yako, meza moja wazi kati ya meza mbili. Quantum ilipotoka mapema Desemba ilikuwa na abiria 1,680 na wafanyakazi 1,148. Yaani kila abiria watatu walikuwa na watu wawili wa kuwahudumia. Uingereza waliporuhusu safari za ndani, MSC Virtuosa ilipoondoka Southampton tarehe 20 Mei 2021, kikomo kilikuwa abiria 1,000 ndani ya meli inayoweza kubeba zaidi ya 6,000. Ungeweza kupotea humo ukatafutwa kwa kipaza sauti. Na nidhamu ilikuwa ya shule ya bweni. Italia, Agosti 2020, MSC Grandiosa iliposhusha abiria Napoli kwa matembezi ya kundi, familia moja ilijitenga na kundi ikaenda zake. Iliporudi kupanda ilikataliwa. Likizo yao ikaishia gatini.

Saa sita za usiku, taa za Mwanza zimeshazama nyuma yetu, mzee alikuwa amelala juu ya godoro lake sitahani, macho wazi. Nilikuwa nimemsimulia pia habari iliyonifanya niisome ile simu tangu mwanzo: kwamba siku chache nyuma, tarehe 9 Desemba, Quantum ilikatiza safari na kurudi Singapore siku ya tatu, kwa sababu mzee wa miaka 83 alipimwa ndani ya meli na kukutwa na korona. Abiria wakaambiwa wabaki vyumbani, chakula kikapelekwa mlangoni, shughuli zote zikafungwa. Wakakaa hivyo saa nyingi, meli imefungwa gatini, nyumba zao wanaziona dirishani.

Nilidhani amesinzia. Akageuka.

"Yule mzee mwenzangu. Alipona?"

"Hakuwa nayo, mzee. Walimpima tena nchi kavu, tena na tena, hana kitu."

"Sasa kwa daktari wa meli alikwenda kutafuta nini?"

"Alikuwa anaharisha."

Alikaa kimya kidogo, kisha kifua kikaanza kumtikisika, na godoro likatikisika naye, mpaka mama aliyelala na mtoto kando yetu akatuuliza kuna nini.