Kikosi kilichojengwa upya kwa ajili ya kijana mmoja

Mpwa wangu aliyeko Tanga ameanza kufuatilia futiboli ya Kimarekani, na juzi kaniuliza jambo ambalo hata makocha wenzangu hapa Ohio hulijibu kwa mkato. Kwa nini timu nzima ibadilishe uchezaji wake kwa ajili ya kijana aliyefika jana? Si ajifunze yeye kwanza, kama wenzake? Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja wa kuwafundisha makwotabeki wa sekondari, na jibu langu ni refu kuliko ujumbe wa simu. Nimeona niliandike hapa.

Kwa asiyeujua mchezo, timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu inaanza kuhesabu upya, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila jaribio linaanza senta, yule wa katikati ya mstari wa mbele, anapoupitisha mpira katikati ya miguu yake kumpa kwotabeki, na hapo kwotabeki ana kama sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika, za kuamua kama apige pasi, amkabidhi mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Mbele yake wamesimama watu kumi na mmoja waliokesha wiki nzima wakipanga namna ya kumdanganya.

Kijana mgeni haangushwi na mkono dhaifu. Wanaofika NFL, ligi kuu ya mchezo huu, mikono yao yote ni mizuri. Kinachomwangusha ni wingi wa maswali. Sauti ya kocha humfikia kwa redio iliyomo ndani ya kofia, lakini saa ya kuanzisha mpira ikibakiza sekunde 15 redio inakatwa. Hapo amebaki na nafsi yake. Awapange wenzake, ahesabu walinzi wa nyuma, akumbuke nani anakimbilia wapi, kisha mpira ukishafika mkononi amtazame mpokeaji wa kwanza, wa pili, wa tatu, huku mtu wa kilo 120 akimjia ubavuni.

Makocha wengi hudhani dawa ni kulipunguza daftari la michoro ya mashambulizi. Michoro ikiwa 100, abakiziwe 30. Nami niliwahi kuamini hivyo. Nilikuwa na kijana wa miaka kumi na sita, mwenye akili na mwenye bidii, nikamfutia zaidi ya nusu ya daftari. Mechi ya tatu nikamwona amesimama na mpira, kichwa kinakwenda kushoto, kinarudi katikati, kinakwenda kulia, mpaka akaangushwa. Alikuwa ameikariri michoro yote. Tatizo ni kwamba kila mchoro niliombakizia ulikuwa unamuuliza swali lilelile gumu la kusoma uwanja mzima. Nilikuwa nimempunguzia karatasi tu, mzigo nikauacha palepale. Usiku ule ndipo nilipoanza kuichunguza upya timu ya Washington ya mwaka 2012, na mpaka leo sijapata mfano mzuri kuishinda.

Washington walimchukua Robert Griffin III akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya, Aprili 2012. Kuipata nafasi hiyo waliwapa timu ya Rams nafasi tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya pili, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma. Kocha mkuu alikuwa Mike Shanahan, aliyetwaa Super Bowl, fainali ya ligi, mara mbili akiwa Denver na kwotabeki John Elway, na mwanawe Kyle ndiye aliyeshika ushambuliaji. Mfumo wao ulijulikana nchi nzima. Wakingaji wa mbele wanasogea wote kwa pamoja upande mmoja kama wimbi, mkimbiaji analifuata wimbi hadi aone ufa, na kwotabeki, aliyepokea mpira akiwa ameshikana na senta, anawapa wapinzani mgongo, anajifanya ameukabidhi mpira, halafu anachomoka kwa upande wa pili.

Sasa Griffin, huko Chuo Kikuu cha Baylor alikotwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2011, hakuwa amecheza hivyo. Alikuwa akisimama yadi kadhaa nyuma ya senta, macho mbele, uwanja umetandazwa wote anauona. Mwambie mtu wa namna hiyo awageuzie wapinzani mgongo kwa sekunde nzima, kisha ageuke na kusoma upya kilichobadilika, umempokonya kitu anachokijua kuliko vyote, yaani macho yake.

Walichofanya Shanahan baba na mwana ndicho kinachonivutia. Walichukua umbo liitwalo bastola, ambalo Chris Ault alikuwa amelianzisha Chuo Kikuu cha Nevada mwaka 2005. Kwotabeki anasimama kama yadi nne nyuma ya senta, na mkimbiaji anasimama moja kwa moja nyuma ya kwotabeki. Ukilitazama haraka utasema ni badiliko dogo. Lakini kwa kuwa mkimbiaji yuko nyuma kabisa, hakuna anayejua ataelekea kulia au kushoto, na wakingaji wanaendelea na wimbi lao lilelile. Wale watano wa mbele, ambao wangehitaji miezi kujifunza kazi mpya, mwendo wao ukabaki uleule. Na kijana akabaki na macho yake mbele. Kila upande umeachiwa kile unachokiweza, na katikati wakaweka swali moja jipya.

Swali lenyewe ni hili. Mlinzi wa ukingoni wa timu pinzani anaachwa makusudi, hakuna anayemkinga. Kwotabeki anaupokea mpira, anauweka tumboni mwa mkimbiaji bila kuuachia, na macho yake yanamganda yule mlinzi mmoja. Akikunja mabega na kuingia ndani kumfuata mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kutoka kwa upande ule alioukimbia mlinzi. Akikaa mahali pake, mpira anaachiwa mkimbiaji. Basi. Mtu mmoja, jibu la ndiyo au hapana, muda usiofika sekunde moja.

Nataka nikae kidogo hapo tumboni mwa mkimbiaji, maana ndipo kazi ilipo. Mazoezini ninamweka kijana na mkimbiaji wake, mimi mwenyewe nacheza mlinzi. Mpira uko kwenye viganja vya kwotabeki, viwiko vya mkimbiaji vimefunguka kama mdomo, na wote wawili wanatembea nao hatua moja. Mwanzoni vijana huutazama mpira, kwa hofu ya kuudondosha. Nawaambia mpira hauna habari yoyote ya kukupa, habari iko kwenye mabega yangu. Siku wanayoacha kuutazama mpira, mikono yao inaanza kusikia yenyewe: mkimbiaji akibana, achia, akilegea, chomoa. Hufika kwa kurudia mamia ya mara, na ikishafika haitoki.

Na kuna hesabu nyuma yake. Katika mbio za kawaida kwotabeki akishakabidhi mpira anageuka mtazamaji, kwa hiyo washambuliaji wanacheza kumi dhidi ya kumi na moja. Kila mara kuna mlinzi mmoja asiye na wa kumshughulikia, na mara nyingi ndiye anayemwangusha mkimbiaji. Kwotabeki anayeweza kukimbia na mpira anamshughulikia mlinzi mmoja kwa macho tu, bila kumgusa, na hesabu inasawazika. Uzito wa kuamua nao umehama, sasa anayejiuliza aende au akae ni mlinzi, na kila akichelewa nusu hatua amekwisha.

Pasi nazo zikawa nyepesi kwa sababu hiyohiyo. Walinzi wa kati, wakiona mpira tumboni mwa mkimbiaji, wanasogea mbele. Nyuma yao panabaki uwanda mtupu. Griffin anaurudisha mpira kifuani na kuupeleka hapo kwa mpokeaji anayekatiza. Hasomi watatu, anasoma pengo moja. Hiyo ni chenga ya mkono, na haihitaji kijana awe na hekima ya miaka kumi.

Mechi ya kwanza, tarehe 9 Septemba 2012, walikwenda New Orleans wakashinda 40 kwa 32. Griffin alikamilisha pasi 19 kati ya 26, yadi 320, na moja kati ya hizo ilikwenda yadi 88 na Pierre Garçon hadi mwisho wa uwanja. Hadi msimu unaisha alikuwa na pasi 20 za tachidauni, yaani za kufikisha mpira mwisho wa uwanja, pasi 5 tu zilizodakwa na wapinzani, na yadi 815 za kukimbia, rekodi ya kwotabeki mgeni kwa wakati ule. Ila mimi huwaonyesha vijana wangu jina jingine kwanza. Alfred Morris, mkimbiaji aliyechukuliwa raundi ya sita mwaka uleule, alikimbia yadi 1,613. Zile mbio za Morris ndizo zilizomfanya mlinzi wa ukingoni aingie ndani, na asipoingia ndani Griffin hana pa kutokea. Timu iliyokuwa na ushindi tatu na vipigo sita ilishinda mechi saba mfululizo ikatwaa kundi lake. Moja kati ya hizo, kule Cleveland, ilichezwa na mgeni mwingine, Kirk Cousins, kwa mfumo ulio karibu zaidi na ule wa zamani. Daftari la kale halikuchomwa, liliwekwa kando.

Halafu likaja goti. Watu wengi, ukiwatajia Washington 2012, hukwambia: ndiyo, lakini mbinu ile ilimvunja kijana. Nimezirudia picha za mechi zile mara nyingi na sikubaliani. Alipogongwa kichwa dhidi ya Atlanta mwezi Oktoba, alikuwa amekosa mtu wa kumpasia karibu na mstari wa mwisho, akakimbia kuokoa jaribio. Alipoumia goti dhidi ya Baltimore tarehe 9 Desemba, ilikuwa pia pasi iliyoharibika, akakimbia, Haloti Ngata akamfikia. Na tarehe 6 Januari 2013, mechi ya mtoano dhidi ya Seattle, goti lilitonesheka robo ya kwanza alipokuwa akirusha pasi, akaendelea kuchezeshwa, na robo ya nne likakunjika akihangaikia mpira uliotoka vibaya kwa senta. Mara zote nne, hakuna hata moja iliyokuwa ya kumsoma mlinzi wa ukingoni. Katika swali lile alijua mpigo unatoka wapi. Aliumia pale mchoro ulipovunjika na hakuna aliyekuwa amemzoesha kukubali kwamba jaribio hili limekufa, tulale, tungoje lijalo.

Kwamba aliachwa uwanjani siku ile akichechemea, hilo linaniuma hadi leo. Mwenye umri wa miaka 22 hatakwambia amechoka. Mtu mzima ndiye wa kumtoa. Mwaka uliofuata alirudi akitoka kwenye upasuaji, timu ikamaliza na ushindi tatu na vipigo kumi na tatu, na Shanahan wote wawili wakaondoka.

Mwaka 2018 Baltimore walikuta jambo lilelile katikati ya msimu. Joe Flacco aliumia nyonga, timu ina ushindi nne na vipigo vitano, na kijana aliyebaki ni Lamar Jackson, wa 32 katika uteuzi. Mechi yake ya kwanza kuanza, dhidi ya Cincinnati tarehe 18 Novemba, alikimbia na mpira mara 27 na kupiga pasi 19. Kwa kwotabeki hesabu hiyo ni ya kushtua, lakini alishinda, na akashinda sita kati ya saba za mwisho. Timu ya Chargers, waliofungwa naye 22 kwa 10 mwezi Desemba, walikutana naye tena wiki mbili baadaye kwenye mtoano, wakawatoa walinzi wa kati wazito na kujaza uwanja watu saba wa nyuma, wepesi wa kukimbia. Ukiwa na swali moja tu, siku mpinzani akilipatia jibu huna la pili. Jackson aliangushwa mara saba, Baltimore wakatolewa kwa 23 kwa 17. Baltimore hawakumrudisha kwenye mfumo wa Flacco. Walimpandisha Greg Roman kuongoza ushambuliaji na kuongeza maswali juu ya lile la kwanza, na mwaka 2019 timu ilikimbia yadi 3,296, rekodi ya ligi, huku Jackson akitoa pasi 36 za tachidauni na kuchaguliwa mchezaji bora bila kura hata moja kumpinga.

Katika chumba kile cha makwotabeki mwaka 2018, pembeni ya Jackson, alikuwa ameketi Robert Griffin III, sasa mchezaji wa akiba.

Kwa hiyo mpwa wangu, ndiyo, kijana ajifunze. Lakini ajifunze akiwa amesimama juu ya kitu anachokiweza. Mwaka huu nina mtoto wa miaka kumi na tano, mwepesi, mkono bado haujakomaa, na wakingaji wangu ni walewale wa mwaka jana. Nimewaachia mwendo wao. Yeye nimempa mlinzi mmoja wa kumsoma na mapengo mawili ya kupasia. Ila ukurasa wa kwanza wa daftari lake hauna mchoro wowote wa kufunga. Una mambo matatu: kuutupa mpira nje, kutoka nje ya mstari, na kulala chini kwa kuteleza, miguu mbele. Mwezi Agosti tunamwagia maji nyasi za nyuma ya uwanja, anakimbia kwa kasi yake yote, na nikipiga filimbi anateleza. Mara ishirini kila siku, kabla hajagusa mpira.