Kulinganisha Makosa ya Hoja katika Mitihani ya Mantiki: Dhana Potofu na Ukweli

Baadhi ya mitihani ya mantiki, ukiwemo LSAT unaofanywa na waombaji wa vyuo vya sheria nchini Marekani na Kanada, huwa na swali ambalo mtahiniwa hupewa hoja yenye kasoro, kisha hutakiwa kuchagua, miongoni mwa majibu matano, hoja nyingine yenye kasoro ileile. Wengi hulikosa kwa kulinganisha vitu visivyohusika.

Dhana: Jibu sahihi huzungumzia mada inayokaribiana na ya hoja ya kwanza.

Mada ni vazi tu, na mara nyingi mtungaji wa swali huitumia kama chambo. Tuchukue hoja hii: "Taa hii ikikatiwa umeme huzimika. Sasa imezimika, kwa hiyo imekatiwa umeme." Kukatika kwa umeme kunatosha kuizima taa, lakini si sababu pekee, kwani huenda balbu imeungua au mtu amebonyeza swichi. Jibu moja linasema: "Taa hii ikikatiwa umeme huzimika. Haijakatiwa umeme, kwa hiyo haijazimika." Taa ni ileile na kasoro ipo, lakini hoja ya kwanza ilithibitisha tokeo (taa kuzimika) na kurudi nyuma hadi kwenye sharti (kukatiwa umeme), ilhali hii imelikanusha sharti ili kulikanusha tokeo. Makosa haya mawili ni ndugu, na ndiyo sababu kuona tu kwamba jibu "lina kosa" hakutoshi.

Jibu lingine linasema: "Umbo hili ni mraba, kwa kuwa lina pembe nne, na kila mraba una pembe nne." Halina taa wala umeme, lakini ndilo linalolingana na hoja ya kwanza.

Dhana: Sentensi lazima zifuatane kwa mpangilio uleule.

Hoja ya mraba imeanza na hitimisho na kumalizia na kanuni, kinyume kabisa cha hoja ya taa, na bado uhusiano wa kauli zake haukubadilika. Tafuta hitimisho kwanza, popote lilipo.

Dhana: Hoja ni mbovu kwa sababu hitimisho lake ni la uongo.

Umbo lile linaweza kweli kuwa mraba. Kinachohukumiwa ni hatua ya kutoka kwenye kauli tangulizi hadi kwenye hitimisho. Hata hivyo, nguvu ya hitimisho huzingatiwa: hoja inayomalizia kwa "lazima" hailingani kikamilifu na inayomalizia kwa "huenda", na "wote" si sawa na "baadhi". Maneno haya madogo huondoa majibu mengi kuliko watahiniwa wanavyotarajia.

Dhana: Ukibadilisha kila kitu kuwa herufi, kama "A ikitokea, B hutokea", kasoro yoyote itajitokeza.

Herufi husaidia sana katika hoja za masharti kama zile mbili za juu, lakini si kila kosa ni la umbo. "Kila kipande cha mashine hii ni chepesi, kwa hiyo mashine yote ni nyepesi" ni hoja mbovu, kwa sababu uzito wa vipande hujumlishwa. "Kila kipande cha mashine hii ni cha chuma, kwa hiyo mashine yote ni ya chuma" haina tatizo hilo. Kwa herufi, hoja hizi mbili hazitofautiani hata kidogo. Tofauti iko katika maana ya wepesi na ya chuma, na hiyo haionekani bila kuyarudia maneno yenyewe.