Siku ya kwanza ya kutazama ndege Meru: tuyasikiayo na yaliyopo

"Huku ni Afrika, baridi itoke wapi?" Shemeji yangu kutoka Dar aliyasema hayo mwezi wa saba, akapanda gari na fulana yake nyepesi. Tulipofika geti la Ngongongare, la kuingilia Hifadhi ya Arusha, alikuwa amejifunga taulo langu shingoni. Jiji la Arusha lenyewe liko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Beba sweta.

Dhana nyingine ni kwamba ndege wazuri wako juu, kwa hiyo siku ya kwanza ni ya kuukimbilia Mlima Meru. Meru ina mita 4,566, na kadiri unavyopanda ndivyo aina za ndege zinavyopungua. Hifadhi ya Arusha ina aina zaidi ya 400, na nyingi ziko chini: pembezoni mwa msitu, uwanda wa Serengeti Ndogo, maziwa ya Momella. Mimi husimama ukingoni mwa msitu saa nzima bila kusogea. Wageni hununa kwanza, halafu shorobo anaruka mbele yao na kufunua wekundu wa mbawa, manung'uniko yanaisha. Wekundu huo, kwa taarifa yako, ni rangi halisi yenye madini ya shaba ndani yake.

Shemeji alikuwa ameazima darubini ya 20x50, akiamini kubwa ndiyo bora. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwanga unaoingia jichoni: yake inatoa 2.5, yangu ya 8x42 inazidi 5. Chini ya miti aliona giza linalotetemeka tu, maana ukuzaji mkubwa hukuza na mtikisiko wa mkono. Mpaka saa nne tulikuwa tunapokezana yangu.

Flamingo wa Momella hawazaliwi na rangi ya waridi. Vifaranga ni wa kijivu. Rangi huletwa na chakula.

Lakini dhana ninayoipenda kuibomoa ni ya hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa. Tulimsikia kabla ya kumwona, mbawa zikivuma juu ya miti kama mtu anayekung'uta mkeka. Shemeji akadakia, "Huyu si ndiye anayemfungia mkewe kwa wivu?" Hapana. Jike huingia mwenyewe kwenye tundu la mti na kuziba mlango kutoka ndani. Dume ni mleta udongo tu: anaumeza, anautema vidonge vidonge, jike anavipokea na kukandika. Hubaki ufa mwembamba wa kupitishia mdomo, na adui hapenyi. Kwa zaidi ya miezi mitatu dume anakwenda na kurudi, anatapika matunda moja moja na kumpitishia mkewe ufani.

Shemeji alinyamaza kidogo, darubini machoni. Kisha akaniuliza kama dume huyo huwa anapata hata muda wa kula mwenyewe.