Sailensa Iliyotolewa Matumbo

"Fundi, nitolee matumbo ya sailensa ndio pikipiki ivute." Haitavuta. Italia. Hayo ni mambo mawili, na nimechoka kuyatenganisha mbele ya mtu ambaye tayari ameshika msumeno.

Injini ya pikipiki aina ya Boxer ni ya mapigo manne, kwa hiyo hulipua mara moja kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 50 kila sekunde. Vyumba na mirija yenye matundu ndani ya sailensa hurudisha mawimbi hayo yagongane na kuuana. Ukivitoa, kila wimbi linatoka zima, sikio linauambia mkono kwamba nguvu imeongezeka, na mkono unaamini.

Ubishi huu haufi kwa sababu una chembe ya ukweli. Injini ya mashindano, inayokaa mizunguko ya juu muda wote na yenye bomba lililopimwa urefu, hunufaika na njia iliyo wazi. Bodaboda inayopanda kilima cha Riat hapa Kisumu kwa gia ya pili, abiria wawili na gunia juu, inahitaji nguvu kwenye mizunguko ya chini, na hapo ndipo bomba tupu huinyima. Kabureta nayo haijui umekata nini huko nyuma. Mchanganyiko unapungukiwa mafuta, plagi inakuwa nyeupe badala ya kahawia, na ukiachilia mafuta ghafla inafyatua kama bunduki. Basi unaongezewa jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta, halafu unarudi kulalamika kwamba inakunywa mafuta. Hata hiyo rangi ya plagi siiamini peke yake: petroli iliyotiwa mafuta taa huipaka masizi ikakudanganya.

Tusiwaonee wote, lakini. Pikipiki nyingi zenye kelele hazijakatwa, zimechoka tu. Tazama eksozi inapoungana na kichwa cha injini. Ukiona masizi meusi pembeni, gasketi imekufa. Injini ikiwa baridi, washa, ziba mdomo wa sailensa nusu kwa kitambaa, usikilize "tss" hapo juu. Weka gasketi mpya kila ukifungua, maana ile ya zamani imeshabanwa na haishiki tena. Kaza nati mbili kwa spana namba 10, kidogo huku, kidogo kule. Ukimaliza upande mmoja kwanza, flanji, ile bamba ya kufungia eksozi, inakaa kombo na inavuja tena.

Kutu je? Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Safari fupi fupi za mitaa ya Kondele na Manyatta haziipashi sailensa moto wa kutosha kuyakausha, kwa hiyo inaoza kutoka ndani. Kile kitundu kidogo chini yake ni cha kutolea maji. Usikichomelee!

Sasa tuje kwenye kuiwasha alfajiri. Kanuni za kelele za 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinaweka desibeli 35 usiku kwenye makazi. Hata pikipiki nzima inazipita, sembuse iliyokatwa. Sauti ikiongezeka desibeli 10, sikio huisikia kama imezidi maradufu. Na ndani ya ploti, kati ya kuta mbili za mabati, haina pa kwenda. Kupiga resi injini ikiwa baridi ni kuisaga, oili haijafika juu. Isukume hadi barabarani, vuta choki, piga kiki, iache ingurume yenyewe kama dakika moja, kisha ondoka taratibu kwa mafuta kidogo mpaka ploti ya mwisho.