Tindo si patasi

Wiki iliyopita nimesikia tena, safari hii redioni: mtangazaji anaeleza jinsi visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, vinavyotolewa mwambani, anasema wataalamu hutumia "nyundo na patasi". Niliwahi kuiona patasi hiyohiyo katika orodha ya vifaa vya safari ya wanafunzi niliofuatana nao. Mwenye duka alileta alichoombwa, patasi sita za seremala zenye mipini ya mbao. Kufika saa nne asubuhi, mipini miwili ilikuwa imepasuka na makali ya zote yameota mapengo. Mwenye duka hakukosea hata kidogo; orodha ndiyo iliyokosea, ilipaswa kusema tindo.

Maana yenyewe ni fupi. Tindo ni chuma kigumu kitupu, bila mpini. Kichwa hupigwa nyundo, na ncha hukata chuma au hupasua jiwe. Patasi ni ya mbao. Makali yake hunolewa yawe membamba, kwa pembe ya digrii 25 hadi 30, ili yakate nyuzi za mti. Ya tindo ni manene, karibu digrii 60, kwa sababu tindo linafanya kazi ya kabari.

Kinachoniuma ni kwamba neno tunalolitupa ni letu, tena limebeba maelezo yake lenyewe. Tindo limetokana na kutinda, kama kizibo kilivyotokana na kuziba na kifuniko na kufunika. Na kutinda hakujafa. Mombasa na Lamu watu hutinda mbuzi pale ambapo wa Unguja huchinja. Ni mabadiliko yaleyale ya vunja na vunda, njia na ndia. Na nani hajasikia habari ya kutinda nyusi? Anayetindwa nyusi haondolewi nyusi zote. Huondolewa zilizozidi pembeni ili umbo libaki. Sijui namna bora zaidi ya kumweleza mwanafunzi jinsi ya kupunguza sampuli ya mwamba: unatinda pembeni, kilichomo katikati hukigusi.

Hapo pana kazi mbili ambazo watu huzichanganya, kupasua na kutinda. Chukua Mahenge ya Singida (si ile ya Morogoro yenye vito). Zamani palikuwa na ziwa ndani ya kasoko, yaani shimo la volkano, na tope lake liliganda matabaka membamba kama kurasa. Humo mna samaki wa miaka takriban milioni 46, wakiwemo Mahengechromis, jamaa wa kale wa perege tunaowala leo. Samaki hao walilala ubavu, sambamba na tabaka. Kwa hiyo hapo hutaki tindo la ncha kali linalotoboa, unataka bapa, pana. Unaliweka kwenye mstari wa tabaka, unagonga kidogo, unasogea, unagonga tena kuzunguka ukingo, mpaka jiwe lifunguke lenyewe. Mara nyingi utapata vipande viwili, kimoja chenye mifupa na cha pili chenye chapa yake. Vyote viwili huhifadhiwa pamoja. Mwenye kutupa cha pili ametupa nusu ya kisukuku.

Kutinda huja baadaye, na sababu yake ni uzito. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 huku Boheti bin Amrani akisimamia wachimbaji, ilibebwa na wapagazi kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Kila kilo ya mwamba usio na kitu ilikuwa shingoni mwa mtu. Siku hizi maabara zina mashine ya kubania: matindo mawili yanatazamana, jiwe katikati, unakaza skrubu au jeki mpaka likatike kwa shinikizo bila pigo hata moja. Kisukuku chenye ufa hupona hivyo.

Nyundo nazo zina tofauti. Ile ya wanajiolojia, yenye uso wa mraba upande mmoja na ncha au makali bapa upande wa pili, ni ya kupiga mwamba. Ya kupigia tindo ni ile fupi, nene, ya chuma kisicho kigumu sana. Ukigonganisha vyuma viwili vigumu, vibanzi huruka, na jicho halina akiba. Vaa miwani ya kazi, na kichwa cha tindo kikishachanua kama uyoga kipeleke kwenye jiwe la kusagia kabla ya pigo jingine.

Basi, ndugu mtangazaji, ukirudia kipindi chako, badilisha neno moja tu. Nawe mwalimu unayeandika orodha, andika "tindo bapa la mawe". Muuza duka atajua rafu ya kwenda.